Nilinunua "paka tikapu" kwa laki 6 na nusu: riviu ya muuzaji, kliniki na mizani ya jikoni

Najua kuna watu muda huu wana hela mkononi na wanaangalia video ya kipaka kimekaa ndani ya kikombe cha chai, ndo huyo anayeitwa "tikapu", yaani kikombe cha chai kwa Kiingereza, kwahiyo naanza na maksi kabisa usije ukachoka kusoma katikati. Muuzaji nyota 1. Kliniki nyota 5. Mizani ya jikoni niliyonunua Kariakoo kwa 22,000 nayo nyota 5, na nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya vyote nilivyonunua tangu huyu paka aje kwangu, nachagua mizani.

Majina sitaji, nimeamua hivyo na naomba msiniulize. Lakini mambo yenyewe nayaeleza yote kama yalivyotokea.

Ilikuwa katikati ya Aprili. Binti yangu ana miaka 9 alikuwa analilia paka toka mwaka juzi, na sisi tumepanga vyumba viwili hapa Tabata, nikasema tukipata mdogo asiye na fujo itakuwa sawa. Nikakuta peji moja Insta ya hapahapa Dar, wanauza Persian, aina ile ya paka wa manyoya marefu, picha kali, alafu kuna mmoja rangi ya krimu ana doa la kijivu puani kama amechovya kwenye majivu. Wamemwandika "tikapu". Nikaingia inboksi, nikajibiwa ndani ya dakika 2, karibu mpenzi. Nikauliza ana umri gani, akasema miezi 4. Nikauliza atakua mpaka wapi, akaniambia, hapo ndo amefika mpenzi, tikapu hawi mkubwa, utabaki na mtoto maisha yako yote. Nikasema mbona bei imechangamka, akanitumia picha ya paka wa Marekani ambaye aliandikwa kwenye kitabu cha Guinness kwa udogo, akasema huyu wako ni wa aina hiyo, ni wachache sana duniani. Nikalipa 650,000 na 10,000 ya bodaboda.

Kuhusu huyo paka wa Guinness nimekuja kusoma baadaye. Alikuwa anaitwa Tinker Toy, mchanganyiko wa aina mbili za paka, Himalayan na Persian, wa Illinois, kimo sentimita 7 na urefu sentimita 19 hivi, yaani kama kalamu. Alikufa 1997 akiwa na miaka 6. Paka wa ndani anayetunzwa vizuri anafika miaka 15 na kuendelea. Sa we fikiria, mtu anatumia picha ya mnyama aliyeishi miaka 6 kunishawishi kwamba huu ndo udogo wa kununua, na mimi nikaiangalia ile picha nikaona uzuri tu.

Mzigo ulifika jioni, mvua za masika zinamwagika, bodaboda ameshika boksi la viatu limetobolewa matundu matatu kwa bisibisi. Ndani hakuna kitambaa, hakuna kitu, paka yuko kwenye kona amejikunja. Nilivyomtoa alikaa kwenye kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Masikio yalikuwa ya baridi kabisa, baridi kama kijiko kilicholala kwenye sinki. Binti yangu alimpa jina palepale, Punje.

Kulikuwa na kadi ya chanjo pia. Naomba muiangalie kadi kwa makini mkinunua, maana mimi sikujua. Kadi ya ukweli ina vistika vidogo vinavyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, vina namba na tarehe ya kuisha, alafu kuna sahihi na muhuri wa daktari. Yangu iliandikwa kwa peni ya bluu "chanjo tayari, minyoo tayari". Basi. Hakuna stika, hakuna muhuri, tarehe ni ya siku ileile aliyoletwa.

Usiku wa kwanza alikula kidogo akalala. Usiku wa pili nimeamka alfajiri kuswali nikamkuta amelala ubavu chini ya meza, macho yako wazi lakini hanioni, nikimnyanyua kichwa kinaanguka kama hakina mfupa. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Yeye ndo aliyesema mpake asali kwenye fizi, mjomba wake alifuga mbwa zamani, nikampaka kwa kidole kidogo kidogo, nikamfunga kwenye kanga na chupa ya maji ya moto, nikachukua bajaji.

Sasa kliniki. Iko upande wa Kinondoni, jengo la kawaida tu, ukipita haraka huioni. Wamefungua saa 2 na mimi nimefika saa 1 na robo, mlinzi akampigia dokta simu akaja akiwa bado hajafunga vifungo vya shati. Hilo peke yake mi nampa nyota. Akaweka taulo na chupa ya maji ya moto mezani, akampima joto, 36.2. Paka anatakiwa awe kati ya 38 na 39. Akamtoboa kidogo pembeni ya sikio akaweka tone kwenye kile kipimo cha sukari wanachotumia wagonjwa wa kisukari, sukari ilikuwa chini sana. Akasema ile asali ndo imemfikisha hapa. Mnyama mdogo hivi hana akiba, hana mafuta wala misuli ya kutegemea, ini lake ni dogo, akikaa masaa machache bila kula au akipata baridi anashuka kama simu yenye betri mbovu. Akamwekea dripu ya glukosi, na akasema kumpasha joto ifanyike taratibu, na asilazimishwe kula mpaka joto lipande maana tumbo la baridi halisagi.

Akamweka kwenye mizani. Gramu 610.

"Mama, umeambiwa ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Wa miezi minne anakuwa na kilo moja na nusu kwenda mbili. Hesabu ni rahisi, karibu nusu kilo kwa kila mwezi mpaka afike miezi minne, mitano. Huyu ana uzito wa wiki sita."

Akafungua mdomo akaangalia meno. Yote ya utoto. Akasema kuna mawili, ama muuzaji kamchukua mapema kwa mama yake akakudanganya umri, na hii ndo inatokea mara nyingi, wanauza watoto wa wiki 5 au 6 wakisema ni tikapu mkubwa, alafu mtu anashangaa baada ya miezi mitatu paka kawa paka. Ama umri ni wa kweli, na kama ni wa kweli basi ana ugonjwa. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau, kwamba hakuna aina ya paka inayoitwa tikapu. Hakuna kabisa. Vyama vikubwa vinavyoandikisha aina za paka Marekani, CFA na TICA, havina aina hiyo kwenye orodha zao. Ni jina la kibiashara tu.

Nikamuuliza, sasa Munchkin je, wale wenye vimiguu vifupi. Akanifafanulia kwamba wale ni kitu kingine. Munchkin ana mwili wa kawaida ila miguu haikurefuka kwa sababu ya jeni moja anayorithi, na mtoto akirithi hiyo jeni kutoka kwa baba na mama wote wawili haishi, anafia tumboni. TICA wanawatambua, CFA hawawatambui, na kuna nchi na majimbo yaliyokataza kuwazalisha. Aina ambayo ni ndogo kweli kwa asili na ina afya ni Singapura, na hata huyo jike mkubwa ana kilo 2 na kitu. Hakuna wa gramu 600.

Nilikaa pale mpaka saa 8 mchana. Nililipa 30,000 ya kumuona, na dripu na dawa ya minyoo vyote vikafika 85,000. Dawa ya minyoo aliipima kwa bomba la sindano kulingana na uzito, tone kwa tone, akanionya nisije nikanunua ile ya dukani nikakadiria kwa macho, mdogo hivi ukimzidishia hana pa kuipeleka. Kitu kimoja tu ntalalamika hapa, AC ya chumba cha kusubiria inapuliza moja kwa moja kwenye benchi na watu wamekaa pale na wanyama wagonjwa. Nilimwambia dada wa mapokezi, na nilivyorudi mara ya tatu walikuwa wamegeuza benchi. Wanasikiliza.

Kabla ya kutoka dokta alinipa kazi ya nyumbani: nunua mizani ya jikoni, mpime kila asubuhi kabla hajala, andika. Akasema mtoto wa paka mwenye afya anaongeza gramu 10 mpaka 15 kwa siku, kama gramu 100 kwa wiki. Siku mbili mfululizo asipoongeza unapiga simu, akipungua unakuja.

Nikaenda Kariakoo siku hiyohiyo. Mizani yenyewe ni ile nyeupe ya kidijito ya kupimia unga wa keki, inafika kilo 5, betri mbili za kawaida. Nikaweka bakuli la plastiki juu, nikabonyeza isome sifuri, Punje ndani. Ukiwa na paka anayehangaika weka kitambaa chako ulichovaa ndani ya bakuli, anatulia. Inasoma gramu mojamoja. Zile mizani za kupimia watu hazifai kwa kazi hii, gramu 30 haizioni, na gramu 30 kwa mnyama wa gramu 600 ndo habari yenyewe.

Daftari ninalo hapa. Wiki ya kwanza 610, 618, 621, 619, 625. Nikafurahi. Wiki ya pili Jumatatu 640, Alhamisi 642, Jumapili 639. Wiki ya tatu anazunguka kwenye 660. Mwezi mzima ameongeza gramu 80, na anakula, sio kwamba hali, nampa cha kopo kile cha watoto mara 5 kwa siku, bakuli analilamba. Na jirani ana paka wa kienyeji, mama yake wa barabarani, anakula ugali na dagaa na mabaki ya samaki, dokta alivyonikadiria umri wa Punje niliona kama wanalingana, yule kwa mwezi huohuo alipanda mti wa mwembe akashuka mwenyewe.

Alafu nikaanza kuona vitu. Punje hachezi. Ukimrushia uzi anauangalia tu. Akienda kwenye trei ya mchanga anachuchumaa, analia, anatoka bila kitu, tumbo gumu kama limejaa kokoto. Manyoya yake hayakuwa manyoya, ilikuwa kama pamba ya mto. Kichwa kikubwa, miguu mifupi. Mchana wa jua la Dar, sisi tunajipepea na ungo, yeye yuko nyuma ya friji kwenye ule upepo wa moto.

Na hapa ndo nilifanya kitu ambacho kila mnunuzi akifanye kabla ya kulipa na sio baada. Nilirudi kwenye peji ya yule muuzaji nikashuka chini, chini, mpaka posti za mwaka uliopita. Nikamkuta. Doa la kijivu puani, yuko na wenzake watatu wananyonya, macho bado yamefumba. Posti ya Novemba 22. Macho ya mtoto wa paka yanafunguka ndani ya siku 7 mpaka 14, kwahiyo amezaliwa Novemba. Kumbe muuzaji alinidanganya umri kweli, ila alipunguza. Siku nimemnunua alikuwa na miezi 5. Na wale wenzake wote watatu waliuzwa Februari kama Persian wa kawaida, kwenye picha ni mara tatu yake. Yaani huyu alibaki kwa sababu hakui, na kutokukua kwake ndo kukawa bei.

Nililia jamani. Sijui niseme vipi. Mtoto alikuwa anaumwa miezi yote ile na mtu anampiga picha ndani ya kikombe.

Nikampelekea dokta zile picha. Akaangalia tarehe akanyamaza, akafungua tena mdomo wa Punje. Sasa ana miezi 6 na meno bado ya utoto yote. Meno ya mbele ya utoto yanatakiwa yaanze kudondoka kwenye miezi mitatu na nusu, minne, na kwenye miezi 6 paka anakuwa na meno ya kikubwa karibu yote. Akasema, mama, sasa tunajua tunatafuta nini.

Nawaeleza alivyonieleza, maana wengi mna paka mdogo ndani na mnaambiwa ni kawaida yake. Sababu za paka kubaki mdogo ni nyingi. Ya kwanza na ya kawaida kwetu ni minyoo na njaa, na kuachishwa ziwa mapema, hii inatibika na anaweza akafidia. Ya pili ni ini. Kuna watoto wanazaliwa na mshipa uliokosea njia, damu inayotoka kwenye utumbo badala ya kupita kwenye ini ichujwe inakwepa inaenda moja kwa moja mwilini, sumu inapanda kichwani, hao utawaona wanatokwa mate sana, wanayumba au wanapata degedege hasa wakishakula. Rangi ya macho inaweza ikawa ya shaba kwa paka ambaye aina yake haina macho hayo, kwa Persian hiyo haisaidii kwa sababu wengi wao wana macho ya shaba kiasili. Hilo linapimwa kwa damu mara mbili, kabla ya kula na masaa mawili baada ya kula. Kuna moyo wa kuzaliwa nao wenye tundu. Kuna figo, na Persian wana ugonjwa wao wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji, mzazi mmoja tu akiwa nao anatosha kumpa mtoto, unaonekana kwa ultrasaundi, ila huo mara nyingi unaanza kusumbua akiwa mtu mzima. Na kuna tezi.

Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni ambayo kwa binadamu ikivimba tunasema mtu ana goita. Homoni yake ndo inaamrisha mifupa irefuke, meno yabadilike, joto likae sawa, utumbo usukume. Mtoto akizaliwa tezi haifanyi kazi anabaki vilevile, kichwa kikubwa, miguu mifupi, manyoya ya kitoto, choo kigumu, baridi, mpole kupita kiasi. Hata kwa binadamu ipo, ndo maana nchi nyingi mtoto mchanga anatobolewa kisigino siku za mwanzo wapime. Dokta alikuwa anayataja yale moja moja na mimi namuangalia Punje pale mezani, ni kama mtu anasoma daftari langu.

Damu alichukua kidogo sana, kama robo ya kijiko cha chai. Akaniambia mnyama wa gramu 700 damu yake yote mwilini haizidi vijiko vitatu vya chakula, kwahiyo vipimo vinachaguliwa, huwezi kusema pima vyote. Akachagua tezi na ini. Aliniambia bei kabla hajachomoa sindano, 140,000, akaniuliza kama naweza, nikisema siwezi tupange kipi kianze. Mi nimetibiwa hospitali nyingi za watu na sijawahi kuulizwa hivyo.

Majibu yakaja baada ya siku 4. Ini liko sawa. Homoni ya tezi iko chini mno, karibu haipo.

Dawa yake ni vidonge vidogo vya levothairoksini, vilevile wanavyomeza watu, na famasi vipo. Chonde chonde usisikie hivi ukaenda kununua, kipimo cha paka ni kipande cha kipande na kinabadilishwa kulingana na damu, ukizidisha moyo unakimbia. Mimi kwa mwezi hainifiki 15,000. Namsagia asubuhi na jioni saa ileile, na kijiko kimoja cha maji, nusu saa kabla ya kula.

Siku ya 6 nilikuwa nafua nje nikasikia kitu kimeanguka ndani. Nimeingia nimekuta pazia limeshuka na Punje yuko juu ya kochi ananiangalia. Paka ambaye alikuwa hawezi kupanda kiatu. Binti yangu alirukaruka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Choo kikakaa sawa wiki ya pili. Gramu zikaanza kutembea, 720, 745, 790, 860, mwisho wa Juni 1,040. Nikaandika hiyo 1,040 kwa peni nyekundu. Julai nikakuta kijino chake kwenye mkeka, cheupe, chembamba kama punje ya mchele iliyochongwa, nimekihifadhi kwenye kiberiti. Masikio yana joto sasa, ukimshika unasikia. Leo imepita miezi 8 toka aanze dawa, ana kilo 2.4, mdogo kwa Persian, na dokta ameshaniambia huenda asizidi sana hapo kwa sababu dawa ilichelewa, mifupa ilikuwa imeshapoteza muda. Miguu itabaki mifupi. Dawa ni ya maisha, damu inapimwa kila baada ya miezi 6. Lakini anakimbia, anakula, anamngoja binti yangu mlangoni saa 10 jioni akitoka shule.

Nimejumlisha hela zote. Kununua 660,000, na matibabu mpaka sasa 540,000 na zaidi kidogo. Sijutii hata shilingi ya pili.

Narudi kwa muuzaji, maana hii ni riviu yake. Kujibu haraka, safi. Kuleta kwa muda, safi. Kufungasha, boksi la viatu kwenye mvua, hapana. Kadi ya chanjo, uongo. Umri, uongo. Aliniambia mama wa Punje hayuko pale yuko kwa rafiki yake, na mimi nikakubali, wakati kuona mama ndo kila kitu: ukimuona mama na uzito wake unajua mtoto anaenda wapi. Nilivyompelekea majibu ya damu kwa wasap, kwa heshima kabisa, sikuomba hata hela, nilimwambia tu kaka angu huu ugonjwa unaweza ukawa wa kurithi, dokta anashauri wale wazazi wasikutanishwe tena, akajibu "tikapu ndo walivyo dada, ungetaka mkubwa ungesema". Alafu akaniblok.

Ugonjwa huu ukiwa wa kurithi, baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, wanene, wazuri kwa macho, kila mmoja amebeba nusu yake kimya. Na kuna wafugaji wanaofanya makusudi, wanachukua mdogo wa mzao huu wanampandisha na mdogo wa mzao ule, hata ndugu kwa ndugu, ili wapate wadogo zaidi. Jike mwenye nyonga nyembamba anabeba mimba ya watoto wenye vichwa vikubwa vya Persian, kuzaa kunakuwa shida, anafanyiwa upasuaji au anakufa. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka 2008, inaeleza kuhusu kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, nami naona kumuuza mgonjwa kwa kumsifia ugonjwa wake kunaingia humo.

Kilichonifanya nikae niandike leo ni hiki. Binti yangu anatumia simu yangu nyingine, akaniita jana usiku, mama njoo uone. Ile peji ina mzao mpya. Mama ni yuleyule, namjua kwa ile alama nyeusi ya kidevuni iliyokuwa kwenye picha ya Novemba. Watoto wanne, mmoja ameshapigwa picha peke yake ndani ya kikombe cheupe, bei 700,000, chini wameandika "hakui zaidi ya hapa".

Kama ni wewe umeshamlipia, mchukue, usimrudishe, maana pale hatopata dawa. Beba kanga na chupa ya maji ya moto, usiku wa kwanza usimwache bila kula zaidi ya masaa manne, asali iwe karibu kwa fizi, na kesho yake mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie neno tezi kwa mdomo wako, usisubiri akili imfikie. Punje alichelewa miezi 6. Huyo wa kwenye kikombe cheupe, nimemwangalia vizuri kwenye picha, hana hata wiki 9.